Majuto ya Mlinda Lango

Mkurugenzi Elifasi Mshiu hakuwa mtu wa kukubali jibu asilolipenda. Ndiyo maana Kituo cha Bondeni, kilichochimbwa chini ya ardhi nyekundu ya Mirihi, kilichokosa sabuni ya kutosha na vitanda vya kutosha, hakikukosa mashine ya maadili yenye vichwa vitatu.

"Iulize kwa Wajibu," alisema, akiipigapiga mashine kwa kidole.

Dokta Sihaba Perera, mwanamke aliyeajiriwa kuihudumia mashine hiyo iliyoitwa Mizani, akageuza kitasa. Alikuwa amebana midomo asije akasonya mbele ya bosi.

Mshiu akakohoa, akavuta suti yake, akaanza kuihutubia mashine kana kwamba ni mkutano wa hadhara. "Mlinda lango Hamuli Chitanda anateseka kwa majuto. Hali chakula, halali usingizi. Je, tumbandike Kitulizo hata kama hataki?"

"Hapana," Mizani ikajibu kwa sauti yake isiyo na haraka. "Mtu si chombo cha wengine. Huna haki ya kuingia moyoni mwake bila idhini yake."

"Upuuzi. Weka Hesabu."

Sihaba akageuza tena.

"Maumivu ya mtu mmoja yatapungua leo," ikasema Mizani. "Lakini mlinda lango asiyejua kujuta atakuwa mwepesi wa kufunga lango siku nyingine, na watakaoumia watakuwa wengi. Ngojeni."

"Upuuzi mwingine. Weka ile ya Wabuddha."

Ile ya Wabuddha iliitwa Huruma, na ilikuwa mpya, bado inanukia plastiki. Sihaba akageuza kitasa hadi mwisho.

"Palipo na mateso, yaondoeni," Mizani ikasema, sasa kwa sauti ya upole kama ya muuza asali. "Anayeng'ang'ania majuto anang'ang'ania nafsi, na nafsi ni kivuli tu. Mtulizeni."

"Safi sana!" Mshiu akapiga makofi peke yake. "Unaona, Dokta? Ukiuliza kwa utaratibu, unajibiwa kwa utaratibu. Kesho wakati wa chakula cha mchana, pale bwaloni, utambandika mbele ya watu wote. Nataka wafanyakazi waone kwamba uongozi unawajali."

"Na siku ile ya lango," Sihaba akauliza, "uliuliza hivi hivi?"

Mtu mwingine angetahayari. Mshiu akacheka kwa moyo mkunjufu. "Sasa mama, falsafa tatu tulinunua za nini? Za kupamba ukuta?"

Sihaba akamtazama mtu huyu mnene wa raha, akaona kwamba hata hakutania. Kwake dhamiri ilikuwa kama fundi wa nguo: akikushonea vibaya huyu, unampelekea kitambaa yule.

* * *

Habari ya lango kila mtu kituoni aliijua, au alidhani anaijua. Ukuta wa handaki la barafu, huko walikochimba maji, ulipasuka. Mchimbaji aitwaye Kigahe alikuwa ndani. Mlinda lango Hamuli alikuwa upande huu, mkono kwenye mpini. Mshiu, kutoka chumba cha uongozi, akaiuliza Mizani, Mizani ikatoa kibali, Hamuli akaamriwa kufunga. Lango likafungwa, hewa ya kituo ikasalimika, Kigahe akafa. Walipomzika Mshiu alisoma hotuba iliyowaliza watu, yeye mwenyewe macho makavu.

Hamuli alikuwa rafiki yake Kigahe. Tangu siku ile alikaa sakafuni chumbani kwake, mgongo ukutani, akizidi kukonda. Sheria ya kituo ilimpa dawa: kila aliyetenda jambo kwa kibali cha Mizani alistahili Kitulizo. Kidude chenyewe ni kidogo kama kifungo cha koti. Unakibandika kwenye panja la uso, na kikikuta majuto, kitaa chake kinawaka rangi ya machungwa. Ukikibonyeza, kitaa kinazimika, na mtu anainuka. Hasahau. Anakumbuka kila kitu, ila anakumbuka kama unavyokumbuka ulichokula juzi.

Watu walikipenda, nani asiyependa? Mshiu alikuwa na chake mfukoni, akikibandika baada ya kila kikao kigumu kama vizee vinavyonusa ugoro. Hamuli pekee ndiye aliyekikataa. Alipoletewa mara ya kwanza alifunika mapanja yake yote mawili kwa viganja, akatikisa kichwa hadi walipoondoka.

Sihaba alirudi kwa Mizani jioni ile akiwa na hasira ya kutafuta mtu wa kugombana naye, na mashine ndiyo ilikuwa karibu. Yeye Ubuddha hakuujulia kwenye mashine. Alizaliwa Upanga, Dar es Salaam, mama Mzaramo, baba wa ukoo wa Wasinhala, Wabuddha walioingia mjini enzi za mababu, na utotoni alipelekwa hekaluni kila alipotaka na alipokuwa hataki. Kwa hiyo sauti ile ya muuza asali ilimkera kama mtu anayeigiza lafudhi ya nyumbani kwenu.

"Mafundisho ya mwenendo kwako ni mangapi?" akaiuliza.

"Manne," ikasema Huruma.

"Matano, mshenzi wewe. Lipi limepungua?"

"La pili liliondolewa na jopo la wanafalsafa walioniandaa. Fundisho la pili linakataza wizi. Wizi ni kuchukua mali ya mtu mwingine. Katika vituo vya Mirihi, mali yote ni ya kituo. Pasipo mwenye mali hapana wizi. Fundisho halina kazi, nalo likapunguzwa ili kuokoa nafasi."

Sihaba alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. Aliliona jopo lenyewe vizuri kabisa: mabwana na mabibi wenye miwani na shahada, wamefungua dini ya watu kama sanduku la mtumba, hiki kinatufaa, hiki hakitufai, na jioni wakaenda kunywa mvinyo wakipongezana kwa kuwa na akili pana. Ebo! Watu waliosoma hadi wakasahau kusoma.

Maana fundisho lenyewe halitaji mali hata kidogo. Linasema: najifunza kutochukua kisichotolewa. Basi. Wale wa jopo, kwa jinsi walivyolelewa na falsafa zao, kitu cha kwanza walichouliza ni hiki ni cha nani, nani ana haki nacho. Wakimkosa mwenye haki, mkono uko huru kuchukua. Hekaluni swali linaanzia kwenye mkono wenyewe. Umepewa? Hukupewa? Kama hukupewa, mkono urudi, hata kama kitu hakina mwenyewe duniani.

Akamkumbuka mtawa mmoja wa pale Upanga. Watawa hawali baada ya saa sita mchana, na hawagusi chakula ambacho hakikuwekwa mikononi mwao. Siku hiyo Sihaba, mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza, aliacha sinia la wali mezani mbele ya mtawa akakimbia. Aliporudi saa sita imepita, wali umepoa, mtawa ameketi palepale na njaa yake, anatabasamu. Shangazi Nilmini alimfinya mpaka akapiga yowe. Hukumpa mkononi! Sihaba alimwona mtawa yule bwege wa mwisho. Wali uko mbele yako, mwenye wali hayupo, unangoja nini?

Jopo lilikuwa na akili ileile ya mtoto anayekimbilia mchezo.

"Na hilo la nafsi ni kivuli," akaiambia mashine, "aliambiwa mtu ili alegeze mkono wake mwenyewe. Halikusemwa ili mkurugenzi amlegeze mwenzake kwa nguvu."

"Sina maelezo hayo," ikasema Huruma.

"Utakuwa nayo wapi."

Lakini hasira ilipopoa, swali lilibaki pale pale, na lilikuwa gumu. Hamuli alikuwa anakufa. Angeweza kumwacha na majuto yake kwa heshima zote, kisha amzike kwa heshima zilezile. Watu wa hekaluni walisema pia kwamba ukiona mateso usipite kando. Angekuwa na raha kama angeweza kugeuza kitasa na kupata jibu, na kwa mara ya kwanza akaelewa utamu aliouonja Mshiu. Akajidharau kidogo kwa hilo, akachukua Kitulizo, akaenda kwa Hamuli.

* * *

Mlango ulifunguliwa na Zawena, mke wa Hamuli, bakuli la uji mkononi.

"Karibu, Dokta. Umekuja nacho?"

"Ninacho."

"Basi mbandike sasa hivi, usingoje kesho. Mimi mke wake nimeruhusu." Sauti yake ilikuwa imechoka hadi ile ya kubembeleza imeisha. "Uji wa asubuhi nimemwaga. Wa mchana nimemwaga. Huu nao naona njia yake ni ileile. Dada yangu, mimi sitaki falsafa, nataka mume anayekula."

Sihaba akaingia, akaketi sakafuni mbele ya Hamuli. Alikuwa mtu mkubwa aliyebaki mifupa, macho yameganda mlangoni. Alipokiona Kitulizo mikono ikapanda kwenye mapanja.

Sihaba akakiweka kidude chini, mbali. Akakutanisha viganja vyake viwili, akavifungua mbele ya Hamuli kama wanavyoshika bakuli watawa wakingoja kupewa.

"Kaka Hamuli, sikuja kukuchukulia kitu. Ukinipa, napokea. Usiponipa, naondoka kama nilivyokuja."

Alingoja. Miguu ilimfa ganzi. Zawena nyuma yake aliguna kwa kukosa subira, akatulia.

"Nikikupa yote," Hamuli akasema hatimaye, "Kigahe atabaki na nani?"

"Nipe unachoweza."

Hamuli akashusha mkono mmoja. Akakunja vidole, akagonga sakafu ya chuma. Ngo, ngo, ngo. Akanyamaza. Ngo.

Sihaba aliufahamu mlio ule, kila aliyeishi Bondeni aliufahamu. Ndio wanaoutoa wachimbaji kila wanaporudi kutoka handakini, na mlinda lango hafungui mpaka ausikie. Maana yake: ni mimi, ni mzima, nifungulie.

"Aligonga hivyo kabla ya lango kufungwa?"

"Baada. Baada, Dokta. Muda mrefu. Mtu aliyeishiwa hewa hagongi kwa mpangilio. Nilimwambia Mkurugenzi kwenye kipaza sauti. Nikasema Kigahe anagonga, ni mzima, nifungue. Akasema hilo bomba. Nikasema bomba halijui kugonga. Na yeye alikuwa anasikia, kipaza sauti kilikuwa wazi, ngo ngo ngo mpaka chumbani kwake. Akasema Mizani imeshatoa kibali, wewe tulia." Akautazama mkono wake. "Mkono ulikuwa kwenye mpini. Nikatulia."

Zawena alikaa chini taratibu, bakuli mapajani. Haya hakuwahi kuambiwa.

Sihaba alipokea. Hakuna mashine iliyomsaidia kupokea, na kitu kile kilimkaa chini ya mbavu kikiwa kizito na baridi. Alimchukia Mshiu kwa ukamilifu ambao hakujua anao. Sasa alielewa haraka yote ya kumtuliza Hamuli. Mtu akishaondolewa uchungu anabaki na habari tu, na habari isiyouma hakuna anayejisumbua kuisimulia.

"Utaweza kuwagongea na wengine?" akauliza. "Kesho, bwaloni?"

Hamuli akafikiri, akaitikia kwa kichwa.

"Na hata hivyo mtambandika," Zawena akasema kwa ukali, machozi yanamtiririka. "Kigahe Mungu amrehemu, lakini keshakwenda. Mimi nina mume mmoja. Akishagonga huko anakotaka kugonga, mtambandika, umenisikia?"

"Nimesikia," Sihaba akasema. "Ukitaka bado, nitakupa wewe mkononi, umbandike mwenyewe."

* * *

Mshiu alikuja bwaloni amevaa suti ya sherehe. Watu walikuwa wameshapakuliwa ugali na kunde, na yeye akaanza kuhutubia hapohapo, kwa sababu alipenda kusemea penye watu wasioweza kuondoka.

Alisema kuhusu upendo. Alisema kuhusu familia moja ya Bondeni. Alisema Mizani imeonyesha njia kwa hekima ya kale ya Mashariki, na neno hilo alilitamka kama mtu anayesifia viungo vya pilau. Kisha akamkaribisha Dokta.

Sihaba akasimama, Hamuli kando yake ameshikwa na Zawena. "Kabla ya yote, Hamuli ana kitu cha kuwapa."

Hamuli akainama juu ya meza ya chuma, akagonga.

Ngo, ngo, ngo. Ngo.

Vijiko vikasimama.

"Hivi ndivyo Kigahe alivyogonga," Sihaba akasema, "lango likiwa limeshafungwa. Muda mrefu. Hamuli aliomba afungue, akaambiwa ni bomba."

"Ni bomba," Mshiu akasema papo hapo, bila kupepesa. "Kulikuwa na taharuki, bomba lililia, kijana amechanganyikiwa, ndiyo sababu tunamsaidia. Dokta, mbandike."

"Watu wanakiogopa hiki kidude, Mkurugenzi. Tuanze na sisi, waone hakina madhara. Hatubonyezi, tunabandika tu."

Akakiweka kwenye panja lake mwenyewe. Kitaa kikawaka, machungwa makali. Hakushangaa, maana tangu usiku hakulala. Akampa mpishi, Ponsiano, mtu wa mizaha, aliyekipokea akikonyeza rafiki zake. Kikawaka. Mzaha ukamwisha usoni.

"Sahani yake," Ponsiano akasema polepole. "Siku ile niliambiwa lango limefungwa, nikaipakulia mtu mwingine. Hata sikuuliza kama keshakufa."

Zawena akanyoosha mkono, akapewa, akakibandika. Kikawaka. "Mimi tena? Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, dada," Sihaba akasema. "Umesikia tu."

Kikapita meza ile, kikawaka kwa kila aliyekibandika, kwa wachimbaji, kwa nesi, kwa walinda lango wenzake Hamuli waliokuwa wamelala saa ile na wasingeweza kufanya lolote. Mshiu alikuwa anaangalia saa. Hakupenda jambo linalowapa watu wengine umuhimu.

"Nipeni hicho," akasema. "Mnatiana hofu bure."

Sihaba akamwekea mkononi. Mshiu akakibandika kwa mkono uliozoea, akageuka ili bwalo zima lione panja lake.

Kitaa hakikuwaka.

Akakisogeza kidogo. Akakibana kwa kidole. Giza. Hamuli, bila kuambiwa, akagonga meza tena, ngo, ngo, ngo, kisha ngo, mlio uleule uliosikika hadi chumbani kwa mtu huyu wakati aliyegonga bado ni mzima. Watu wote walimtazama Mkurugenzi kwenye panja. Kitaa kilikaa kimya kama kifungo cha koti.

Na Mshiu akatabasamu. Hilo ndilo lililowashinda watu kuliko yote. Alitabasamu kwa furaha ya kweli, meno yote nje.

"Mnaona?" akasema. "Kiongozi msafi."

Mtu aliyeketi karibu naye akavuta kiti chake pembeni, taratibu, kama unavyojisogeza mbali na mtu mwenye harufu usiyetaka kumwaibisha. Na mwingine. Mshiu hakuelewa, akadhani wanampisha.

Zawena ndiye aliyesimama. Akamwendea mpaka mbele, akanyoosha kiganja. "Nipe."

Mshiu akakibandua kwenye panja, akampa kwa adabu ya mtu anayetoa zawadi. Zawena akakitazama kidude kile alichokililia siku zote hizo. Akageuka, akakitumbukiza kwenye ndoo ya makombo.

"Dokta," akasema, "mume wangu niachie hivihivi alivyo. Nimeshamwona mtu aliyepona."

Akarudi mezani. Bakuli la Hamuli lilikuwa hapo, limepoa. Hakulisukuma mbele yake. Alimshika mkono, ule uliokuwa kwenye mpini, akaufungua vidole kimoja kimoja, akamwekea bakuli ndani, akavifunga tena. Hamuli akalitazama muda mrefu. Kisha akala, huku analia, akitafuna na machozi.

Na Mshiu alikuwa bado amesimama katikati ya bwalo na tabasamu lake, akingoja kupigiwa makofi.